Moteri ya 404 ya baba yako: utaifanya nyumbani mu lupango, lakini upime kwanza ndipo ununue

Swali lilikuwa hivi, nimelifupisha: "Papa mekano, mi niko Katuba. Baba alituachia Peugeot 404 ya 1970, ile ya kawaida sio pikapu, ilisimama miaka sita. Nimeiamsha, inawaka, lakini inatoa moshi ya buluu, inakunywa oli, na taa ya oli inawakawaka moteri ikisha pata moto. Mekano mmoja wa huku kwetu ameniambia ninunue pistoni, segma (pete za pistoni) na kusine (beringi za ndani ya moteri), atakuja kuibomoa Jumamosi. Mi nilitaka kuifanya mwenyewe pale nyumbani, niko na sanduku ya kle na palani ya kuinulia moteri, ya kuazima. Inawezekana? Nianzie wapi?"

Mwanangu, pole kwa mzee. Inawezekana, na tena uko na bahati, juu kati ya magari ya zamani yote ambayo mutu anaweza kurithi huku Lushi (Lubumbashi), 404 ndiyo inakubali kufanyiwa kazi chini ya muembe. Lakini ile Jumamosi uifute. Huyo mekano simujui na simusemi vibaya, ila mutu anayekutuma kununua kusine kabla hajapima kitu hata kimoja, anakuuzia pyesi, hatengenezi moteri. Kusine za kipimo gani? Vilbreke yako, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, iko bado ya kipimo cha kiwanda ao ilisha sagwa mara moja, mara mbili? Yeye hajui, wewe haujui, na baba pengine hakuambiwa. Hata moteri yenyewe hauna hakika kama ndiyo ile gari ilitoka nayo. Miaka zaidi ya 50 ni mingi. Nimeona 404 zenye moteri ya 504, nimeona zenye ile ndogo ya 1468 (sentimita za ujazo) ya ukoo wa 403, na wenye gari wanaapa kabisa ni ya asili.

Ile ya asili ya gari yako ni ya 1618, mdomo wa pistoni (upana wa silinda) milimita 84, mwendo wake (safari ya pistoni juu na chini) milimita 73, na imelala upande kwa digri 45, ndiyo maana boneti iko chini vile. Sasa 504 ya 1800 nayo mdomo wake ni 84, lakini mwendo ni 81. Unaona mtego? Mutu wa pyesi kule Kasumbalesa anapima mdomo kwa pyakulisi (kaliperi), anakuambia "ni ileile papa", unalipa, unarudi nyumbani na pistoni ya moteri nyingine. Upime mdomo, upime urefu kutoka tundu ya eksi mpaka kichwani, uweke na ya zamani pembeni, ndipo utoe dola.

Kwa nini nasema una bahati? Juu ya shemizi, yale mabomba ambamo pistoni zinacheza. Moteri nyingi, silinda imetobolewa ndani ya bloki yenyewe, ikikwanguka lazima bloki nzima ibebwe kwa turneri (fundi wa mashine za kukata chuma) ikatobolewe upya. 404 iko na shemizi za kuvua, maji yanazizunguka, ndiyo wanaita shemizi za maji. Zikiisha unazitoa kwa mukono, unaingiza mpya pamoja na pistoni zake, na bloki haikuhama mu lupango. Wafaransa waliitengeneza kutoka 1960 mpaka 1975, na mutu anayeicheka mukumbushe tu kwamba ilishinda Safari Rally mara ine, 1963, 1966, 1967 na 1968, na zile mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akikaa Tanzania hapo jirani. Bon, turudi kwa moshi.

Usifungue kitu bado. Gari iliyosimama miaka sita, segma zinaweza kuwa zimegandama tu mu mifereji yake, haziku kufa. Toa oli yote ya zamani, tia mupya na filtri, halafu endesha kilometa mia mbili ao mia tatu bila kuitesa ukiangalia kama moshi inapungua. Nimeona moteri zimejirudia zenyewe hivyo, mutu amesha andaa pesa ya pistoni, kumbe ni oli na mwendo. Kisha nenda mpaka barabara ya Likasi, ukipata nafasi safi ongeza mwendo, toa mguu kwa akseli sekunde kumi hivi, halafu kanyaga tena huku mwenzako anaangalia nyuma. Moshi ikiruka pale unakanyaga tena, shaka ya kwanza ni gidi za supapu (vibomba vinavyoongoza supapu), ndiyo kusema kilasi tu (kichwa cha moteri). Moshi ikifuata muda wote unavuta, hapo ni segma na shemizi.

Kisha kompresio, ndiyo presha ndani ya silinda. Azima manometri (kipimio cha presha), moteri iwe na moto, toa buji (plagi) zote ine, mwenzako akanyage akseli mpaka chini, zungusha na demareri (starta) mara tano sita kwa kila silinda, andika namba. Halafu rudilia, safari hii unatia kijiko cha oli kwa kila tundu. Namba ikipanda sana na oli, segma zimechoka. Isipopanda, ni supapu ao juwe ya kilasi, ile Watanzania wanaita gasketi. Na usiogope ukiona namba ziko chini ya zile za buku la kiwanda, Lushi iko kama mita 1200 juu ya bahari, hewa yetu iko nyepesi kama asilimia 13 hivi kupita ile ya pwani, kwa hiyo mahali buku linasema 10 wewe utaona 8 na nusu na moteri iko mzima. Kitu cha kukusumbua ni silinda moja kuachana na wenzake. Hewa hiyohiyo nyepesi inafanya karbirateri iliyopangwa kwa Ulaya itie esansi (petroli) mingi, buji zitakuwa nyeusi, sasa usichanganye: nyeusi kavu sawa masizi ya makala ni esansi, nyeusi yenye kungaa na kulowa ni oli.

Ile taa ya oli nayo, kabla ya kuilaumu kusine, fungua kontakta yake (swichi inayoiwasha) uweke manometri ya kweli pale kwenye tundu. Kontakta ya zaidi ya miaka 50 inasema uongo. Kama manometri nayo inaonyesha presha inaanguka moto ukipanda na oli ni mupya, basi ndiyo, tunafungua.

Kushusha moteri sitakufundisha sana, ni kazi ya nguvu na ya kupiga picha na telefone kila waya na kila mupira kabla ya kuvua. Neno moja: palani isifungwe kwa tawi la muembe. Tafuta poutre ya chuma ao tripodi, na mutu asiweke muguu chini ya moteri inayoning'inia hata kama ni dakika moja. Oli ya zamani itie mu bido, isiende mu udongo, kisima cha jirani kiko karibu kuliko unavyofikiri.

Sasa kilasi. Ni ya aluminiumu, kwa hiyo ilegeze ikiwa baridi kabisa, bulo (bolti) za pembeni kwanza unakuja katikati, kidogokidogo, juu ukilegeza yenye moto ao upande moja itajipinda. Fimbo za kilbiteri (zile zinazosukuma supapu) zichomeke kwa karatoni yenye matundu 8 yenye namba, kila moja irudi kwake.

Na hapa nakuomba usome mara mbili. Kilasi ikisha toka, hakuna kitu tena kinachoshika zile shemizi chini. Ukizungusha vilbreke, pistoni inapanda na shemizi, juwe ya chini yake inachanika, wewe haukuona kitu. Mi nilipokuwa kijana nilitoa kilasi ya 404 ya mteja kwa ajili ya supapu tu, kazi ya siku moja, ndogo wangu wa kazi akataka kuona pistoni zikicheza, akazungusha, tukacheka. Tulifunga vizuri kabisa. Siku ya tatu mteja akarudi, mu karteri (bakuli ya oli chini ya moteri) kuko mayoneze, oli na maji vimechanganyika, ikabidi nishushe moteri nzima kwa pesa ya mufuko wangu. Mwezi ule bukari tulikula na lengalenga tu. Kwa hiyo kama unafungua kilasi peke yake, zishike shemizi na bulo na vikombo vya chuma vikubwa, na vilbreke iache ilale. Kama unafungua moteri nzima, haina shida, zinatoka zote.

Kofia za bieli (fimbo zinazounga pistoni na vilbreke) na zile za vilbreke, piga alama na uangalie upande gani unaelekea mbele. Hazibadilishani hata kidogo, kila moja ilitobolewa pamoja na mwenzake, ukiweka ya pili kwa ya tatu tundu si mviringo tena, kusine mupya itakufa na utamulaumu mutu aliyekuuzia.

Sasa moteri iko meza, ndipo kazi yenyewe inaanza, na kazi yenyewe ni kupima. Utahitaji palmeri (maikromita), zile kale nyembamba za kupimia nafasi, na rula ya chuma iliyonyooka kweli. Palmeri usinunue kama hauna uwezo, tafuta mzee mmoja kati ya wale waliofanya mu atelie za Gécamines (kampuni ya migodi) ao za SNCC (reli). Muji huu umejaa mikono ile, wengine wamekaa nyumbani na palmeri zao mu kitambaa wanangoja mutu awaulize kitu. Mupelekee kinywaji, akae pale asubuhi moja. Utajifunza kupita haya yote ninaandika.

Shemizi pima juu, chini kidogo ya ule mdomo ambao segma haifiki, halafu katikati, halafu chini, kila mahali mara mbili kwa msalaba. Ikipita ile ya kiwanda kwa zaidi ya desimu moja ya milimita (0.1) hivi, ao imekuwa yai, usijadiliane nayo, chukua seti ya ine na pistoni zake. Ikiwa ndani ya kipimo na haina mikwaruzo, safisha na uweke segma mupya, basi, umeokoa pesa. Vilbreke vilevile, kila shingo (mahali kusine inakaa) pande mbili. Pande hizo zikiachana kwa sentsi 5 za milimita (0.05), inaenda kwa turneri. Lakini sikiliza, turneri asiguse ile vilbreke mpaka kusine zako za kipimo cha kwanza cha chini ziko juu ya meza yake, yeye apime zile na asage kufuatana na zile. Kuko atelie moja hapa muji, jina nalifunga mu kinywa, ilinisagia vilbreke "kipimo cha pili", tukatafuta kusine za kipimo hicho miezi mitatu. Na umwambie aiache ile kona ya mviringo mahali shingo inakutana na ubavu, asiikate kali sawa kona ya meza, pale ndipo vilbreke inapasukia.

Kilasi weka rula juu yake kwa msalaba, jaribu kupitisha kale ya 0.05 chini. Ikipita, ipelekwe ikapanguswe, kidogo tu, juu kila unapotoa chuma unapandisha kompresio. Pale pale kwa turneri waulize gidi na viti vya supapu. 404 ilizaliwa wakati esansi iko na plomb (risasi), Afrika yetu ya kusini ya Sahara iliacha plomb 2006, na ile plomb ndiyo ilikuwa inalinda viti vya supapu za eshapema (za kutolea moshi). Kama viti vimezama, weka vile vigumu. Kuroda supapu (kuzisugua mpaka zikae sawa kwa viti) ni kazi yako wewe, ile pati ya kusugulia, fimbo ya kunyonya, na mikono. Ukimaliza geuza kilasi, mimina esansi kidogo mu tundu ya eshapema na ya admisio (ya kuingiza hewa), ukiona haivuji kwa supapu dakika chache uko sawa.

Wale wa maji ya robine tu mu radiateri watashangaa wakivua shemizi, watakuta matope mekundu yamejaa mpaka katikati ya bloki, ndiyo sababu silinda ya nyuma inapata moto sana. Kwangua yote. Na nyuma ya kazi hii tia likidi ya radiateri ya kweli, juu kilasi ya aluminiumu na bloki ya fonti (chuma) mu maji matupu vinakulana.

Usafi. Hapa ndipo wengi wa nyumbani wanaanguka, sio kwa kle. Mwezi wa saba, ile vumbi nyekundu inaingia mpaka mu sahani, na ndani yake kuko mchanga mudogo unaokula kusine sawa msasa. Kuvua vua inje, kufunga funga ndani. Chumba kimoja, madirisha yamefungwa, mwaga maji kidogo chini, anza asubuhi mapema kabla upepo haujaamka na kabla SNEL haijakata umeme, kila kitu kilale chini ya shuka safi. Njia za oli mu bloki na mu vilbreke zipitishe brashi na esansi, halafu upeleke kwa kwado (fundi wa mipira ya gari) akupulizie na kompresa yake, mpaka hewa inatoka upande wa pili bila uchafu. Shemizi osha na maji ya moto na sabuni, sio esansi peke yake, pangusa na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kinabakia cheupe, kisha oli palepale juu kutu haingoji.

Kufunga sasa. Zile shemizi ziweke kwanza kavu bila juwe za chini, upime kwa rula zinapita bloki kiasi gani. Lazima zipite, sentsi chache za milimita, ili kilasi izikandamize. Buku la moteri yako linatoa kipimo, na juwe za chini zinauzwa kwa unene tofauti ndipo uchague. Jirani na jirani zisipitane urefu. Ukiruka hapa, yote mengine ni bure, maji yatashuka ao moto utapita.

Segma, kabla ya kuivisha pistoni, ingiza kila moja peke yake mu shemizi yake, isukume na pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawasawa, pima ile nafasi ya mdomo wake. Kwa mdomo wa 84 tafuta milimita 0.3 hivi. Ikigusana, moto ukipanda itavunjika, ikwangue na lima polepole. Wakati wa kuvisha, midomo isipangane mstari moja. Kusine za bieli na za vilbreke, kuko kile kiuzi cha plastiki kinauzwa cha kupimia, unakilaza juu ya shingo, unakaza kofia kwa nguvu ya buku, bila kuzungusha, unafungua na kuangalia kimepanuka namna gani. Sentsi 4 ao 5 za milimita ni muzuri. Kavu ni kupima tu, ukifunga ya mwisho kila kitu kinaogeshwa oli, na kila ukikaza kofia moja zungusha vilbreke kwa mukono, ukisikia imeanza kushika ujue ni ile kofia ya sasa, sio ya jana.

Sheni ya distribisio (ile inayopanga mwendo wa supapu) fuata alama, hapo sina ya kuongeza. Kilasi inakazwa kutoka katikati kuenda inje, kwa mizunguko mitatu, na ile kle ya kupima nguvu, sio na bomba la mita moja na kifua cha shemeji. Nafasi ya kilbiteri, moteri baridi, milimita 0.10 kwa admisio, 0.25 kwa eshapema. Moto unapita kwa silinda 1-3-4-2.

Siku ya kuwasha usiite mutaa mzima. Jaza oli, toa buji, zungusha na demareri mpaka manometri inapanda, ndipo urudishe buji. Ndoo ya mchanga iwe karibu juu ya esansi. Ikiwaka usiiache inanguruma ralanti (bila kukanyaga akseli) nusu saa kama wengi wanavyofanya, segma zinataka kazi, ipe moto, angalia kama kuna mahali panavuja, kisha toka nayo barabarani, panda na kushuka na akseli bila kuisukuma mpaka mwisho, hivyo kilometa 500 za kwanza. Hapo mwaga oli, itatoka na vumbi ya chuma inayongaa, ni kawaida, na moteri ikiwa baridi upitie tena bulo za kilasi na nafasi za kilbiteri.

Mekano wa Jumamosi mwambie asante, utamuita siku ya palani. Wewe azima manometri wiki hii, unitumie namba ine kavu na namba ine za oli, na ile ya presha moteri ikiwa na moto, ndipo tuongee ni pyesi gani unanunua.